UZI: Pampu yenye pochi yake yenyewe. Tuijadili kabla haijafika mashambani Kano

FundiKano · Ahero

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo nataka tulichambue hapa kwa utulivu kabla kikundi cha wakulima ninaowahudumia hakijatia sahihi popote.

Mimi ni fundi wa pampu na sola upande huu wa Kano, karibu na Kisumu. Watu wangu wanalima mpunga, nyanya na sukuma karibu na mto Nyando, nje ya skimu ya umwagiliaji, kwa hiyo kila mmoja anajitafutia maji. Wameletewa pendekezo la pampu ya sola inayojiendesha kibiashara. Ndani yake kuna kompyuta ndogo yenye pochi ya kidijitali. Mkulima akilipa, vali inafunguka, maji yanapita kwenye mita, na kiasi alicholipia kikitimia vali inajifunga. Pesa haziendi kwa mwekahazina wala kwa kampuni, zinaingia pochini mwa pampu. Kutoka humo pampu inalipa mkopo ulioinunua, inanunua bando la laini yake na kuweka akiba ya vipuri. Mota ikianza kutetemeka vibaya, pampu inatangaza kazi mtandaoni, fundi anayeridhika na bei anakuja, kazi ikithibitika analipwa papo hapo. Hakuna binadamu anayebonyeza chochote.

Nusu ya haya tunaishi nayo tayari. Kampuni ya M-KOPA ilijipatia jina kwa kuuza kwa mkopo sola yenye laini ya simu ndani. Malipo ya M-Pesa yakikoma, inajizima. Mita ya tokeni ukutani kwako inahakiki malipo na kuachilia stima bila kumpigia mtu simu. Lakini hapo mashine inakusanya kwa niaba ya kampuni. Katika hili jipya mwenye akaunti ni mashine.

Nilimuuliza aliyekuja kutuuzia kwa nini isitumie M-Pesa tu, na jibu lake lina uzito. Akaunti ya M-Pesa inafunguliwa kwa kitambulisho. Namba ya Paybill inataka biashara iliyosajiliwa. Pampu haina kitambulisho wala PIN ya KRA. Lakini kwenye mitandao ya sarafu za kidijitali kama Bitcoin iliyoanza 2009, au Ethereum iliyoanza 2015, akaunti ni jozi ya funguo za kihisabati. Mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye pesa, na mtandao haujali kama ufunguo huo unao mama wa Awasi au umo kwenye chipu ndani ya kasha la pampu.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 2013 Mike Hearn, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa Bitcoin, alieleza teksi isiyo na mmiliki, inayobeba abiria na kujilipia matengenezo. Mwaka 2016 kundi la terra0 la Berlin likabuni msitu unaouza wenyewe vibali vya kukata miti yake, na kwa mapato hayo unajinunua kutoka kwa waliouanzisha.

Mimi pochi hainitishi. Ninachotaka tujibu ni nani anaiambia pampu ukweli wa kilichotokea shambani, na nani anasimama mbele ya watu ikikosea. Karibuni na hoja.

---

NyarDunga · Kisumu

Fundi, asante kwa kufungua uzi huu. Langu ni la bei.

Nahifadhi samaki wa watu kwenye barafu hapa Dunga, kwa hiyo najua jinsi kitu kisichoweza kungoja kinavyopandishwa bei. Samaki hangoji, na nyanya iliyotoa maua haingoji. Januari na Februari kila shamba linataka maji siku ile ile. Hiyo kompyuta imeandikiwa ifanye nini ikiona foleni? Kama imeambiwa itafute faida kubwa iwezekanavyo, itapandisha bei mpaka mjane mwenye robo ekari aondoke mwenyewe, na haitakuwa imevunja kanuni yoyote. Jirani mwenye pampu, hata akiwa mkali namna gani, unamfuata nyumbani, mnazungumza, anakukopesha maji mpaka mavuno. Mashine utaifuata wapi?

---

FundiKano · Ahero

Dada, hilo la bei halimo kabisa kwenye karatasi tulizoletewa. Imeandikwa tu kwamba bei "itafuata mahitaji". Nimelipigia mstari.

---

MsimboKakamega · Kakamega

Ninaandika programu, na mitandao hii nimeifuatilia kwa miaka. Naomba uvumilivu, nitaandika kirefu.

Dada wa Dunga, hofu yako ina ushahidi. Mwaka 2020 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Calvano na wenzake wa Bologna. Waliweka programu za kupanga bei, zinazojifunza zenyewe, kwenye soko la kuigiza. Hazikuambiwa zishirikiane wala hazikupewa njia ya kuzungumza. Zikajifunza kuweka bei juu ya ile ya ushindani, na moja ikishusha, nyingine inaiadhibu kwa muda halafu zote zinapanda tena. Pampu mbili kando ya mto mmoja zinaweza kufika hapo bila mtu yeyote kupanga njama.

Muulizeni muuzaji pampu yake inajitegemea kwa maana gani. Ipo inayofuata mkataba mahiri, yaani kanuni zilizoandikwa mapema: ukilipa kiasi hiki, vali inafunguka dakika hizi, asilimia fulani inakwenda kwenye akiba. Hiyo haina maoni. Inafanya kilichoandikwa hata kama kilichoandikwa kina kasoro. Mwaka 2016 mfuko wa The DAO kwenye Ethereum ulikuwa na kasoro ya namna hiyo. Mtu akaitumia na kuchota etha (sarafu ya Ethereum) zipatazo milioni 3.6, na mtandao haukumzuia kwa sababu kanuni zilimruhusu. Watu ndio waliokaa wakajadiliana, wakabadilisha historia ya leja, yaani daftari la pamoja la miamala, Julai mwaka huo, na waliokataa wakabaki na mnyororo (blokcheni) wao unaoitwa Ethereum Classic.

Nyingine ni ile inayoamua kwa akili bandia: inapanga bei, inachagua fundi, inabishana na mteja. Hiyo ina kasoro za namna nyingine. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic iliipa programu yake ya Claude duka dogo ofisini kwao San Francisco iliendeshe. Ikauza vipande vya tungsteni kwa hasara, ikabembelezwa mpaka ikatoa punguzo ovyo, na kuna wakati iliwaelekeza wateja walipe kwenye akaunti ambayo haikuwepo. Hilo ni duka la vitafunio. Maji ya shamba si mahali pa kujifunzia.

Upande wa malipo, mambo yamekomaa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuandika kila lita kwenye leja haiwezekani: bloku moja ya Bitcoin (fungu la miamala inayoandikwa pamoja) huchukua wastani wa dakika 10, na Ethereum, yenye bloku kila sekunde 12, hutoza ada inayopanda mtandao ukijaa. Kwa hiyo hutumika njia ya pembeni, kama Lightning iliyopendekezwa na Poon na Dryja mwaka 2016. Mkulima na pampu wanafungua njia kwa kuweka amana. Maji yakipita, wanatiliana sahihi salio jipya tena na tena bila kumwambia yeyote. Mwisho wa umwagiliaji linaandikwa salio la mwisho tu. Ukiondoka katikati, salio la mwisho ulilotia sahihi ndilo linalohesabika.

Na mashine zinaweza kununuliana. Kwenye itifaki ya wavuti kulikuwa na msimbo wa jibu 402, "malipo yanahitajika", uliotengwa tangu miaka ya 1990 ukakaa bila kazi. Mei 2025 Coinbase ikatoa mfumo wa x402 unaoutumia: programu inaomba data, seva inajibu 402 pamoja na bei, programu inalipa kwa sarafu thabiti (sarafu ya kidijitali iliyofungwa na thamani ya dola), data inakuja. Pampu inaweza kununua utabiri wa mvua wa kesho kwa senti chache na kuamua isijaze tangi.

Ninachowaonya ni sarafu. Nyanya zinauzwa kwa shilingi, na akiba ya mota haifai kukaa kwenye kitu kinachopanda na kushuka kama bitcoin. Hata sarafu thabiti hazina uthabiti wa jiwe. Machi 2023, benki ya Silicon Valley ilipoanguka ikiwa na sehemu ya akiba ya USDC, mojawapo ya sarafu hizo, USDC ilishuka kwa muda chini ya senti 90 za dola, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Mota ikiungua siku hizo, akiba yako imepunguka na hujafanya kosa lolote.

---

MzeeNjoro · Nakuru

Vijana, nimewasoma kwa makini. Nilikuwa mwekahazina wa ushirika wa maziwa kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nina jambo moja la kusema.

Ugomvi mwingi niliosuluhisha haukuwa kwenye vitabu. Vitabu vyetu vilikaguliwa na vilikuwa safi. Ugomvi ulikuwa kwenye mizani ya asubuhi, pale karani anaposoma kilo, mkulima anaona nyingine, na kitabuni inaingia ya karani. Waulizeni wakulima wa miwa huko Magharibi: mtu amekata miwa, trekta imelala foleni siku mbili jua linaikausha, halafu anapewa karatasi ya uzito asioupinga wala kuuamini. Kiwandani hesabu zote zinajumlishika sawasawa, ila namba ya kwanza ndiyo mbovu.

Sasa mnaniambia leja haifutiki. Vizuri. Namba mbovu ikiingia mle, itafutwaje?

---

FundiKano · Ahero

Mzee, shikamoo. Umegonga pale pale ninapofanyia kazi, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Nyando ni mto wa tope. Mvua ikinyesha juu milimani, maji yanakuja mekundu. Mita nyingi zinazoletwa na pampu za bei nafuu zina gurudumu dogo ndani linalozungushwa na maji. Tope na nyuzi za majani zikikaa mle, gurudumu linazunguka polepole, mita inasoma pungufu. Mkulima anapata maji zaidi ya aliyolipia na anafurahi, lakini pampu inaona mapato madogo, akiba haikui, mkopo unachelewa. Kinyume chake, bomba likiwa na hewa kabla maji hayajajaa, hewa ile inazungusha gurudumu kwa kasi, na mkulima analipia upepo. Wote wawili wana haki ya kulalamika, na leja haitakuwa na habari.

Mita ya sumaku haina kitu kinachozunguka, na tope haliisumbui, mradi bomba liwe limejaa. Bei yake ni kubwa mara kadhaa. Ile ya mawimbi ya sauti ni nzuri kwa maji safi, ila tope zito na viputo vinaivuruga. Kwenye pendekezo tulilopewa imetajwa "mita ya kisasa" bila aina. Yaani kurasa zote zile za blokcheni, na kifaa kinachoamua kila shilingi kimepewa maneno matatu!

Halafu kuna waya. Mita za namna hii hutuma palsi kwa kompyuta: kila palsi ni lita kadhaa. Mtu mwenye kipande cha waya anaweza kugusisha nchani na kompyuta ikahesabu maji ambayo hayakutoka, au akaukata ikahesabu sifuri huku maji yanakwenda. Ufunguo wa siri ndani ya chipu haulindi chochote hapo, kwa sababu pampu itatia sahihi uongo huo kwa uaminifu wote.

Dawa ninayoijua ni kupima kitu kimoja kwa njia mbili zisizotegemeana. Mota ikitumia kiasi fulani cha umeme, kwa kina kile, inapaswa kutoa maji kati ya kiasi hiki na kile. Mchoro wa mtengenezaji unaonyesha. Kompyuta ilinganishe. Vipimo viwili visipokubaliana, isitoze mtu, isiamue lolote, impigie binadamu. Hilo ni jambo dogo kuliandika kwenye programu, na sijaliona popote kwenye karatasi zao.

Na kuhusu kudumu: ile mita ya tokeni niliyoitaja mwanzo haina intaneti. Inasoma tarakimu 20, inazihakiki kwa ufunguo uliomo ndani. Kila tokeni ina muda wake, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993 katika nafasi ya biti 24, ambazo ni dakika 16,777,216. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita za dunia nzima zinazotumia mfumo huo zilitakiwa ziingizwe misimbo ya ziada kabla ya siku hiyo, mita moja moja, na sisi hapa tulibonyeza tarakimu zile kama wengine. Uamuzi ulifanywa zaidi ya miaka 30 nyuma, na kulikuwepo bado shirika la kuwatangazia watu na mafundi wa kuzunguka. Pampu hii kampuni yake ikifunga baada ya miaka mitano, nani atabonyeza?

---

BodaKondele · Kisumu

Mimi naendesha boda ya umeme, betri ni ya kampuni. Siku moja mfumo wao ulilala nikiwa na mgonjwa nyuma nampeleka hospitali, betri ikakataa kuwaka baada ya kusimama. Nilisukuma. Kwa hiyo fundi, uliza: mtandao ukikatika, hiyo pampu inafunga au inaendelea?

---

FundiKano · Ahero

Pole sana ndugu yangu. Kwa maoni yangu iendelee mpaka kiwango fulani, iandike deni ndani yake, ilipwe mtandao ukirudi. Lakini ni uamuzi wa wakulima, maana deni lisipolipwa ni wao watakaolibeba.

---

MsimboKakamega · Kakamega

Hili la palsi lina historia kubwa. Mtandao wa Helium, tangu 2019, unawalipa watu tokeni (sarafu zake za kidijitali) kwa kuweka vifaa vidogo vya redio madirishani ili kutoa mawimbi kwa vihisi vya eneo. Hizo ni mashine nyingi zinazolipwa na mtandao usio na makao makuu. Wapo walioviweka vifaa chungu nzima chumba kimoja na kudai vimesambaa mji mzima, ili vithibitishiane mawimbi na kuvuna tokeni. Mtandao ukalazimika kutengeneza orodha ya vifaa vilivyopigwa marufuku. Waliokuwa wakiiandika orodha hiyo ni watu. Mwaka 2023 wakahamia leja ya Solana, lakini swali la nani anathibitisha mahali kifaa kilipo halikuhama.

Kwa hiyo kipimo mara mbili anachosema fundi ningekiweka mbele kuliko mnyororo wowote.

---

WakiliMilimani · Kisumu

Niongeze upande wa sheria.

Ibara ya 260 ya Katiba inasema "mtu" ni pamoja na kampuni, chama au kundi lingine la watu, liwe limesajiliwa au la. Mashine haimo. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa. Pampu ikifurika shamba la jirani, au ikimnyima maji aliyelipa, mahakama haitauliza ufunguo uko kwenye chipu gani. Itamtafuta mwenye pampu, aliyeipanga, na anayefaidika nayo. Wenzetu wa Marekani wamelipitia. Ooki DAO lilikuwa kundi linalojiendesha kwa programu na kura za wenye tokeni, na Juni 2023 mahakama ya shirikisho huko California ikaamua kwamba ni "mtu" kwa sheria iliyovunjwa na kulitoza dola 643,542. Jimbo la Wyoming lilitunga sheria mwaka 2021 ya kuyasajili makundi hayo kama kampuni, ili dhima iwe na mwenyewe na iwe na mipaka. Kwenu Kano njia ya karibu ni ushirika. Ushirika uliosajiliwa ni mtu kisheria, unaweza kukopa na kumiliki pampu, na mwanachama hapotezi ng'ombe wake kwa deni la mota.

Kuchota maji mtoni kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kibali kina jina la mtu, na masharti ya kiasi. Pampu isiyojua masharti hayo itaendelea kuuza wakati mto umekauka, na atakayeitwa ni mwenye kibali. Mita inayotumika kuuzia ni kifaa cha biashara. Ipelekeni kwa maafisa wa mizani na vipimo ikaguliwe na kupigwa mhuri. Mzee wa Njoro atakubaliana nami.

Ushahidi nao. Muuzaji amewaambia leja inajithibitisha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kilichotiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya kuendesha kifaa hicho. Bila mtu wa kutia sahihi, leja yenu nzuri inaweza kukataliwa mlangoni.

Dada wa Dunga, kuna kinga inayokuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Akifanyiwa, ana haki ya kujulishwa na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mkulima aliyefungiwa maji kwa sababu programu imemwona mkopaji mbaya anaweza kulitumia. Lakini lazima awepo wa kuombwa, mwenye uwezo wa kubatilisha.

Kodi sitaiongelea sana: mapato ya pampu ni mapato ya mwenye pampu, basi.

---

NyarDunga · Kisumu

Wakili, asante, hilo la kifungu cha 35 sikulijua na nitalipeleka kwa wenzangu wa ufuoni, maana hata huku tumeanza kuuziwa vyumba vya baridi vya kulipia kwa saa.

Bado nina wasiwasi na jambo moja mnalolipita. Akina mama wa Kano wengi wana mulika mwizi. Hawana simu ya kuwekea pochi ya kripto, na hata wakiwa nayo, ufunguo ukipotea nani anaurudisha? M-Pesa ukikosea namba unapiga simu, unasubiri, mara nyingine pesa inarudi. Huku mnasema muamala haurudi. Mama akituma pesa ya maji ya ekari nzima mahali pasipo, ndiyo imekwenda?

---

MsimboKakamega · Kakamega

Imekwenda, dada. Ndiyo maana kwa vitendo wakulima watalipa kwa M-Pesa kupitia menyu ya kawaida, na katikati atakuwepo anayebadilisha shilingi kuwa sarafu thabiti na kuzipeleka pochini mwa pampu. Huyo wa katikati ni kampuni. Tangu sheria ya watoa huduma za mali pepe (kama sarafu hizi za kidijitali) itiwe sahihi Oktoba 2025, anatakiwa awe na leseni, chini ya Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kulingana na kazi yake. Na ada yake inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, uliokuja na Sheria ya Fedha ya 2025 ilipofuta ile kodi ya asilimia 3 ya mwaka 2023.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu nauamini mfumo huu na sitaki uuzwe kwa ahadi isiyo kweli. Mtandao hauna makao makuu, lakini mlango ambao shilingi inaingilia unao. Mlango huo ukifungwa siku moja, pampu yenu ina pesa ambazo haiwezi kununulia hata beringi.

---

MzeeNjoro · Nakuru

Basi kwa nini tusichukue kinachofaa tuache kingine? Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na haliwi wazi ila mbele ya mkutano. Hiyo pochi haiwezi kufanywa hivyo?

---

MsimboKakamega · Kakamega

Inaweza, mzee, na ni jambo la kawaida kwenye mitandao hii. Pochi inawekwa sahihi nyingi: pampu ina ufunguo wake, wanachama watatu wana wao. Matumizi madogo, kama bando au utabiri wa mvua, pampu inajilipia hadi kikomo cha wiki. Zaidi ya hapo, sahihi mbili za wanachama. Mwanachama akifariki au akihama, ufunguo wake unabadilishwa kwa kura. Hata fundi analipwa kwa mtindo huo: pampu inapendekeza, mtu aliyekwenda kuona mota inazunguka anathibitisha.

---

BodaKondele · Kisumu

Hapo sasa naelewa. Hiyo ningeikubali hata kwa betri.

---

FundiKano · Ahero

Nimesoma kila kitu, nimeandika. Kwenye mkutano nitawashauri wasikatae pampu, kwa sababu ninaona faida yake waziwazi. Pampu ngapi za vikundi nimezikuta zimekufa kwa sababu pesa ya matengenezo ilikopwa ikaenda karo au matanga, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumnyima jirani? Akiba isiyoweza kuombwa ina thamani yake, na mashine inaitunza vizuri kuliko sisi. Hiyo kazi nitaipa mashine.

Bei siipi. Bei ipangwe na mkutano kabla ya kiangazi, iandikwe kwenye mkataba kama kikomo, na foleni iende kwa zamu, si kwa anayelipa zaidi. Wenye mashamba madogo wawe na saa zao. Vikwazo hivyo viwe kwenye programu yenyewe, si kwenye barua.

Ushirika usajiliwe kwanza, kibali cha maji kiwe kwa jina lake, ndipo mkopo. Pochi iwe ya sahihi nyingi, akiba kubwa ikae kwa shilingi kwenye akaunti ya ushirika, pochini zibaki za matumizi ya mwezi. Mtandao ukikatika pampu iendelee kwa deni lenye kikomo. Awepo mtu anayetajwa kwa jina, na namba yake ibandikwe kwenye kasha, mwenye swichi ya mkono na uwezo wa kufungua vali hata kompyuta ikikataa. Wakitukatalia swichi hiyo, sitashiriki kuisimika pampu hiyo, na nitawaambia wanakikundi sababu.

Na mita iwe ya sumaku, na mota ipimwe umeme wake pembeni, vilinganishwe. Hapa ndipo nahitaji msaada wenu. Bomba letu ni la inchi 3, mahali pa kufunga pana kona karibu, na sina urefu wa kutosha wa bomba lililonyooka kabla ya mita. Kama kuna aliyeifunga mahali pabana namna hiyo, au anajua duka la Kisumu au Nakuru linalouza saizi hiyo na kuirekebisha hapa hapa nchini bila kuirudisha kiwandani ng'ambo, aandike bei na aina. Mkutano ni Jumamosi.